Gari la Mkunga na Taa ya Manjano

Miaka ile ya vita nilikuwa fundi wa umeme wa magari mjini Bujumbura, na karakana yetu ilikuwa uani, nyuma ya duka la vitambaa mtaa wa Asiatique. Nasema yetu kwa sababu tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa fundi wa injini, mtu wa Kamenge aliyehama na familia yake mitaa ya kaskazini ilipoanza kuwaka. Mimi ni Mswahili wa Buyenzi; baba yangu alizaliwa pale na babu yangu amezikwa pale. Yeye Jumapili alikuwa kanisani, mimi Ijumaa nilikuwa msikitini, na siku nyingine zote tuligawana kazi bila ugomvi: kinachopitisha mafuta chake, kinachopitisha umeme changu.

Ulikuwa wakati wa vikwazo. Nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka, spea haziingii, na zikiingia zinapita kwa magendo na bei ya kutoa machozi. Tukajifunza kufufua vitu ambavyo zamani tungevitupa jaani. Brashi za alteneta, ile mashine inayochaji betri ya gari, nilizichonga kutoka kwenye kile kijiti cheusi kilichomo ndani ya betri za redio. Mwenzangu alikata gasketi za kuziba injini kutoka maboksi ya karatasi ngumu. Watu walitucheka, lakini magari yao yaliondoka uani yakinguruma.

Asubuhi moja ya masika, mlango wa uani ulifunguliwa na gari jeupe likaingia polepole. Lilikuwa gari la Ulaya, refu, safi, la aina ambayo kwetu ilikuwa ya mabalozi na wakubwa. Aliyeteremka alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, amevaa sweta juu ya gauni jeupe la kazi. Alikuwa mkunga katika hospitali kubwa ya upande wa Kamenge. Gari lilikuwa la kaka yake. Kaka alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akiondoka, kisha naye akaondoka akamwachia dada funguo.

"Fundi, mi nimetumwa kwako," alisema baada ya salamu. "Wameniambia we unaelewa umeme. Hii gari iko na taa moja ya manjano, ikiwaka tu, gari inakataa kwenda."

"Inazimika?"

"Apana, haizimiki. Inanguruma, lakini haina nguvu. Nakanyaga mafuta mpaka chini, ni kama nakanyaga mto wa kulalia."

Nikachungulia dashibodi. Taa yenyewe wakati huo ilikuwa imezimika, lakini niliiona alama yake: pembetatu ndogo yenye alama ya mshangao katikati. Alama ile nilikuwa nimeiona kwenye kitabu cha Kifaransa tu, kilichoachwa na fundi Mbelgiji, na sikuwahi kuiona kwenye gari lililo mbele yangu. Ulikuwa ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasiteleze.

Nilimweleza mwenzangu, na nitaeleza hapa vilevile nilivyomweleza siku ile. Kila gurudumu la gari la namna hiyo lina kihisi chake, kijisumaku kilichozungushiwa waya mwembamba, kinachotazama meno ya pete inayozunguka na gurudumu. Gurudumu likizunguka, kihisi kinatoa umeme mdogo sana, na umeme huo unakwenda kwa kompyuta ya gari. Kompyuta inalinganisha magurudumu yote. Ikiona gurudumu la nyuma linazunguka kwa kasi kuliko wenzake, inajua limeteleza kwenye tope au barafu. Hapo inawasha ile pembetatu na kuipunguzia injini nguvu mpaka gurudumu litulie.

"Sasa kama hakuna tope?" mwenzangu akauliza.

"Basi kuna kitu kinaidanganya."

Mkunga alikuwa amekwisha kupita karakana mbili kabla yetu. Ya kwanza walibadilisha chujio la mafuta. Ya pili walimwambia kompyuta imekufa na mpya lazima itoke Ulaya, jambo ambalo siku hizo lilikuwa sawa na kumwambia achukue mwezi kutoka mbinguni. Alisema haya bila kulalamika. Ila alipofika kwenye kisa cha mwisho sauti yake ilishuka.

Kila asubuhi alikuwa akiwabeba wauguzi wenzake kwenda kazini, na jioni kuwarudisha mjini kabla ya kuvrefe, ile amri ya kutotembea usiku. Mabasi madogo yalikuwa yakiacha kwenda kaskazini kila mara risasi ziliposikika, na bila gari lile wale wanawake wangelala hospitalini au wangetembea kwa miguu. Juzi yake, kwenye bariyeri, kile kizuizi cha jeshi barabarani, askari aliwapungia mkono wapite. Yeye akakanyaga mafuta. Taa ikawaka, gari likabaki palepale likinguruma. Askari akadhani wamekataa amri, au wanangoja kitu. Aliinua bunduki na kuwaambia wateremke wote. Wakasimama kwenye mvua, mikono juu, sare zao nyeupe zikilowa, mpaka mkubwa wake alipokuja na kuwatambua. Kisha wakasukuma gari kwa mikono yao.

"Mi siogopi gari," alisema. "Naogopa pale linaposimama."

Nikamwambia aniachie gari.

Nilifanya kazi siku nzima kama mchumba anayepimwa na wakwe. Niliinua gari kwa jeki, gurudumu moja baada ya jingine. Mwenzangu alizungusha gurudumu kwa mkono, mimi nimeshika kipima umeme changu cha zamani, kile chenye mshale. Kila kihisi kilijibu. Mshale ulipanda gurudumu likizunguka, ukashuka likisimama, safi kama pumzi ya mtoto aliyelala. Nikakagua fyuzi. Nikafungua plagi za kompyuta, nikazisafisha kwa brashi ya meno na pombe kali. Nyaya za mbele, ambazo ndizo hurushiwa mawe na tope, nilizifuata kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kitu.

Tukatoka kulijaribu, mimi na mwenzangu. Tulipita barabara ileile inayokwenda Kamenge, tukakanyaga mashimo makusudi, tukarudi. Pembetatu haikuwaka hata mara moja. Gari lilikuwa tulivu, lenye nguvu, na nikajiambia basi ilikuwa kutu kwenye plagi, nimemaliza. Jioni nilimkabidhi funguo nikiwa nimejaa sifa zangu mwenyewe.

Kesho yake mchana alirudi. Hakupiga honi. Alisimamisha gari katikati ya ua, akateremka, akanitazama tu.

"Imerudi?" nikauliza.

"Imerudi, fundi. Leo asubuhi, kabla ya kufika bariyeri. Nashukuru Mungu ilikuwa kabla."

Mwenzangu akakohoa, akaenda kujishughulisha na kitu kwenye meza. Nikamwambia nililiendesha mwenyewe barabara ileile na halikuonyesha dalili yoyote.

"Najua," alisema. "Wote munasema hivyo. Mafundi wa kwanza walisema hivyo, wa pili hivyo. Gari mukiwa nayo nyinyi inatulia kama kondoo."

Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele yangu. Nadhani aliona nimekata tamaa, na kazi yake ilimzoesha kukaa na watu waliokata tamaa.

"Fundi, mi mama akija kwangu na maumivu, simuulizi tu ni wapi. Namuuliza yanakuja wakati gani, na yanaondoka wakati gani. Ulikuwa umekaa? Ulikuwa umebeba maji? We hukuniuliza."

Ni kweli, sikumuuliza. Nilikuwa nimeuliza gari tu, na gari halisemi.

"Haya, Mama," nikasema, "inakuja wakati gani?"

"Asubuhi."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi ya kazi. Na jioni tukirudi."

"Na Jumapili?"

Akafikiri. "Jumapili nilienda kanisani. Haikuwaka."

"Barabara gani?"

"Nyingine. Lakini ngoja. Jumamosi nilienda hospitali kuchukua nguo zangu, barabara ileile. Haikuwaka."

"Jioni inapowaka, inazimika lini?"

"Nikishusha wale mabinti wa mwisho pale sokoni, nazima moto, nawasha tena, imeondoka. Naenda nayo mpaka nyumbani bila shida."

Mwenzangu aliyekuwa mezani aligeuka. Tulitazamana. Sikumbuki nani alisema kwanza. Nafikiri tulisema pamoja.

"Jumamosi ulikuwa na nani ndani?"

"Peke yangu," akasema mkunga. Kisha naye akaelewa, akafunika mdomo kwa mkono. "Yesu! Ni watu!"

Ilikuwa uzito. Mafundi wote waliolijaribu gari lile, na mimi nikiwamo, walikaa mbele, mmoja au wawili. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Mkunga alikuwa akipakia wanawake wanne nyuma, na wakati mwingine mmoja akampakata mwenzake. Gari lilipolala kwa nyuma, kitu fulani huko chini kilikuwa kikiguswa au kikivutwa. Na mimi nilipoliinua kwa jeki kupima vihisi vya nyuma, nilifanya kinyume kabisa: nililiondolea uzito wote.

"Tunahitaji mizigo," nikasema. Duka la mbele lingekuwa na marobota ya vitambaa miaka mingine, lakini miezi ile rafu zake zilikuwa nusu tupu.

"Mizigo ya nini?" mwenzangu akacheka. "Vuka barabara."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mgahawa wa mama mmoja, mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyetupikia maharage na ndizi karibu kila siku. Nilimkuta akichochea makaa. Nilipomweleza ninachotaka, alishika kiuno.

"Unataka nikalie gari?"

"Ndiyo, Mama. Na wewe uje na wenzako."

"Kwa sababu mi ni muzito."

Nikajifanya natazama makaa yake.

Akaangua kicheko mpaka wateja wakageuka. "Siku zote munakula chakula changu, leo munataka na kilo zangu! Haya. Ngoja niwaite." Akamwita wifi yake aliyekuwa akiosha sahani, na muuza mitumba aliyekaa kando ya mlango, na muuza nyanya aliyesema haji, kisha akaja mbio alipoona wenzake wanavuka.

Tulikuwa tumesogeza gari juu ya shimo la kukagulia. Mwenzangu akaingia shimoni na tochi. Mimi nililala chini ya dashibodi upande wa abiria, miguu nje, nimechomoa plagi ya kompyuta na kugusisha ncha za kipima umeme changu kwenye tundu za kihisi cha nyuma kushoto. Niliweka kipimo cha kuonyesha kama waya umeungana au umekatika. Mshale ukasimama katikati, imara. Waya mzima.

"Panda mmoja!"

Muuza nyanya akapanda. Mshale haukutikisika.

"Wa pili!"

Hakuna kitu. Wifi mtu akapanda wa tatu. Bado. Nikamsikia mkunga nje akisema taratibu, kama anavyosema na wagonjwa wake, "Bado kidogo, bado kidogo."

"Mama, panda sasa!"

Gari likayumba. Mama wa mgahawa aliweka mguu mmoja, akashika mlango, akajitupa kitini. Springi zikalia. Na mshale wangu, ule mshale mwekundu niliokuwa nimeutazama tangu ujana wangu, ukaruka mpaka mwisho wa uso wa kipimo, ukarudi katikati, ukaruka tena, ukawa unatetemeka kama mtu mwenye homa.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Nasikia nilisema "Allahu akbar!" na mwenzangu kule shimoni akajibu "Alleluya!" kabla hata ya kujua kuna nini.

"Mama, shuka!"

"Si umesema nipande?"

"Shuka, halafu upande tena!"

Akashuka, mshale ukatulia. Akapanda, mshale ukaanza wazimu. Nikamwomba arukeruke kidogo akiwa amekaa, na wenzake wakaona ni mchezo, wakarukaruka wote wanne wakishikana mabega. Gari likapanda na kushuka juu ya shimo, wanawake wakicheka, mkunga naye nje akiegemea ukuta na kujifuta macho.

"Musiache!" mwenzangu alipiga kelele kutoka chini. "Mi naangalia! Musiache!"

Mwanga wa tochi ulikuwa ukisogea huku na huku. Kisha ukasimama mahali pamoja.

"Nimeiona, ndugu yangu. Njoo uone. Njoo!"

Niliingia shimoni. Alinionyesha kwa kidole. Waya wa kihisi, mweusi na mnene kama mshumaa mwembamba, ulitoka mwilini mwa gari kuelekea gurudumu la kushoto. Mtu fulani, huko nyuma, alikuwa amebadilisha springi, na alipomaliza hakuurudisha waya kwenye kishikizo chake. Aliupitisha upande mwingine na kuufunga kwa kipande cha mpira. Gari likiwa tupu, waya ulining'inia bila kugusa kitu. Watu wakipanda, mkono wa chuma unaoshika gurudumu ulipanda pia, ukaubana waya kwenye ukingo wa bamba. Ganda la nje lilikuwa limeingia ndani kama alama ya jino. Tulipolifungua kwa kisu, ndani tulikuta nyuzi za shaba zimekatika, zimebaki chache zinazogusana na kuachana kila gari linapotikisika.

Kila zilipogusana na kuachana, kompyuta ilipokea pigo moja la umeme. Mapigo yakija mengi kwa haraka, ilidhani gurudumu linazunguka kwa kasi ya ajabu, linateleza, na ikaamua kumwokoa dereva kwa kumnyima nguvu. Kompyuta ilikuwa nzima. Ilikuwa inatii habari za uongo.

Nilipanda juu nikamweleza mkunga. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Na unaweza kuunga?"

"Naweza."

Umeme wa mjini ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo pasi yangu ya kulehemu ilikuwa ile ya zamani, kichwa cha shaba kwenye fimbo ya chuma. Mama wa mgahawa alivuka na jiko lake lenye makaa na kuliweka katikati ya ua. Nilikata sehemu iliyoliwa, nikapachika kipande kizima cha waya wa aina hiyohiyo nilichotoa kwenye gari lililoungua. Nikazisokota nyuzi, nikachovya pasi kwenye risasi ya kulehemu, nikaunga. Ndani ya waya huo kuna suka nyembamba ya chuma inayozuia umeme wa mahali pengine usiingie, nayo nikaiunga kwa uangalifu, maana fundi akiisahau hiyo, kesho kilio kinarudi.

Kikabaki kitu cha kuukinga. Utepe mweusi peke yake usingedumu na tope la masika. Nilikuwa nikitafuta mpira wa baiskeli, mkunga akafungua mkoba wake. Alitoa mrija wa dripu, mpya ndani ya mfuko wake, tarehe imepita.

"Huu hatuwezi kumuwekea mutu tena," alisema. "Utafaa?"

Ulifaa kuliko chochote. Ulikuwa laini, haupitishi maji, unapinda na kurudi. Niliupasua kwa urefu, nikauvisha juu ya kiungo, nikazungusha utepe. Mwenzangu akachonga kishikizo kipya kwa bati na kuurudisha waya kwenye njia yake halali, mbali na ule ukingo.

Wanawake walipanda tena, na safari hii hakuna aliyehitaji kuambiwa. Walirukaruka mpaka gari likalia. Mshale ulisimama katikati kama umepigiliwa msumari.

"Sasa tunaenda kujaribu," nikasema. "Asanteni sana, bamama. Mnaweza kushuka."

"Kushuka?" alisema mama wa mgahawa. "Mi nimekaa hapa tangu saa sita, halafu safari muende peke yenu? Funga mlango."

Basi tukaenda wote. Mkunga alishika usukani, mimi mbele, wale wanne nyuma. Mwenzangu alibaki kuangalia ua na jiko. Tulipanda barabara ya kaskazini, mashimo yakitupokea moja baada ya jingine, na macho yangu hayakutoka kwenye dashibodi. Pembetatu ilikuwa gizani. Tulikaribia bariyeri. Nikaona mikono ya mkunga inakaza usukani.

"Amahoro," alimsalimu askari.

"Amahoro." Askari alikuwa kijana, amejikinga mvua kwa plastiki. Alilitazama gari, akatabasamu. "Si hii gari ya kusukumwa?"

"Leo apana," mkunga akasema.

Akatupungia mkono. Mkunga akakanyaga mafuta, na gari likaondoka kwa nguvu hata vichwa vyetu vikagonga viti. Nyuma, vigelegele vilipasuka. Nilimwona yule askari kwenye kioo, ameshika kiuno, anacheka.

Nilidhani tutageuza pale, lakini mkunga hakugeuza. Kulikuwa na zahanati ndogo huko Carama alikokwenda mara moja kila wiki kupima wajawazito, na barabara yake, penye mashamba, masika huwa udongo mwekundu unaonata kama ugali. Hapo ndipo gari lilimwacha siku ya kwanza kabisa, akiwa amepakia wauguzi wenzake. Alitaka kupita papo hapo.

Tulifika kwenye kipande chenye mteremko na kisha mpando mfupi. Maji yalikuwa yamesimama katikati. Gari likaingia, likaanza kupanda, gurudumu moja la nyuma likateleza. Na pembetatu ikawaka.

Mkunga alinigeukia, na uso wake sitausahau. Haukuwa na hasira, ulikuwa na huzuni ya mtu aliyeruhusu furaha mapema mno.

Lakini taa haikukaa. Ilikuwa inamemeta. Nilisikia breki ikilia chini yetu kwa midundo midogo, injini ikashusha sauti kidogo, gurudumu lililokuwa likizunguka bure likatulia, la pili likashika udongo, na gari likaanza kusogea juu, polepole, sawasawa, kama mtu mzima anayepanda ngazi. Tukafika juu penye changarawe. Pembetatu ikazimika yenyewe.

"Fundi," alisema mkunga, "imewaka."

Nilikuwa nacheka na siwezi kujizuia. "Imewaka, Mama, kwa sababu tumeteleza kweli! Hiyo ndiyo kazi yake! Imetutoa kwenye tope!"

Alisimamisha gari. Alitazama barabara tuliyopita. Kisha akarudisha gari kinyumenyume mpaka chini, akaupanda tena mpando uleule, makusudi, na taa ikamemeta na kuzimika, na mama wa mgahawa akapiga kigelegele kilichowatoa watu mashambani. Wakulima wawili wenye majembe walisimama wakitutazama: gari la kibalozi, mwanamke wa sare nyeupe, wanawake wa soko nyuma, na mwanamume mmoja anayecheka kama mwendawazimu. Tukaupanda mara ya tatu, kwa raha tu.

Kuna watu wakisikia habari za miaka ile huniuliza tuliishije. Mengi siyasemi. Mtaa wa mwenzangu ulikuwa magofu, na kila familia niliyoijua ilikuwa na kiti kisicho na mwenyewe. Lakini ile alasiri ya Carama ilikuwepo pia, nami nilikuwa ndani yake, nikiwa nimelowa jasho na tope, na sikuwa namwogopa mtu yeyote wala kitu chochote.

Tulirudi mjini jua lingalipo. Mwenzangu alikuwa mlangoni akitungoja, na aliposikia vicheko vyetu kabla hata ya kuliona gari, alijua. Alinikumbatia mbele za watu, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho. Mama wa mgahawa alikuta maharage yake yameungua chini, akatutukana wote kwa Kirundi na Kiswahili, kisha akatupakulia yaliyobaki juu. Tulikula palepale uani, tumezunguka jiko, mkunga akiwa amekaa kwenye kile kigoda na sahani magotini, akimweleza mwenzangu mpando wa Carama kama mtu anayeeleza mechi ya mpira.

Gari lile liliwabeba wale wauguzi mpaka vita vilipotulia. Mara moja tu lilirudi kwangu kwa ajili ya umeme, nayo ilikuwa betri iliyozeeka. Karakana ilianza kupokea magari ambayo wengine walikuwa wamekata tamaa nayo, na kabla sijafungua boneti yoyote, nilivuta kiti kwa mwenye gari na kumuuliza: inakuja wakati gani, na inaondoka wakati gani? Wengine walinishangaa. Mmoja aliniuliza kama mimi ni fundi au daktari. Mwenzangu, kutoka chini ya gari jingine, ndiye aliyemjibu: "Kaa tu, mzee. Jibu anachokuuliza."